Muhuri wa "Hakuletwa"

Wahenga walipotuachia methali ya mkuki hawakuwa wakifundisha uwindaji. Walikuwa wakisema na yule mtu anayeweza kutazama uchungu wa mwenzake huku anapiga miayo, kwa sababu tu uchungu wenyewe hauko mwilini mwake. Mkuki ukizama ubavuni mwa nguruwe, yeye huuliza nyama itagawanywa saa ngapi. Siku ncha ileile ikimgusa ukucha, majirani hawalali. Watu wa namna hiyo ni wengi, na si kwamba wote wana roho mbaya. Wengine ni watu wema kabisa majumbani mwao, na mkuu wa ofisi ya bajeti ambaye habari zake zinasimuliwa hapa alikuwa mmoja wao.

Watu walimwita Mkasi. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye hati ya mshahara na midomoni mwa mama yake tu. Alikuwa na kalamu ya wino mwekundu, na hakuna ombi la fedha lililopita mbele yake likatoka na urefu liliokuja nao. Idara zilipozoea kuomba kumi ili zipate tano, yeye alizoea kutoa tatu. Hakuwa mwizi. Hata penseli ya ofisi hakwenda nayo nyumbani, na alikuwa ameandika waraka mkali unaokataza idara yoyote ya serikali kupokea mafuta, matairi au kitu chochote kutoka kwa mtu wa nje. Waraka huo ulisifiwa sana, na kwa kweli ulistahili sifa. Tatizo la Mkasi lilikuwa kwamba uaminifu wake ulimpa kiburi, akadhani mtu asiyeiba hawezi kumdhulumu mtu.

Nyumbani alikuwa mtu mwingine. Baba yao alifariki yeye akiwa kijana, akamwachia mama na mdogo wake wa mwisho, ambaye familia nzima ilimwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba. Mkasi alimsomesha Kitinda, na shule ilipomshinda akamnunulia mashine ya kuchomelea vyuma. Sasa Kitinda alikuwa na karakana yake ya mageti na madirisha, mtu mzima mwenye mikono iliyojaa alama za cheche na mdomo usiokosa mzaha. Kila jioni Mkasi alipita kwa mama yao kuhakikisha amemeza dawa za moyo. Kila jioni, kabla hata hajamkaribisha, mama aliuliza swali moja.

"Mwenzio amekula?"

"Mama, Kitinda ana miaka thelathini na mbili."

"Sikukuuliza miaka yake. Nimekuuliza amekula?"

Mwaka huo ulipofika wakati wa kugawa fungu la usalama na haki, wakuu wa idara walikusanyika katika ukumbi wa ghorofa ya pili, meza ndefu mbele yao na chupa ya maji kwa kila mtu. Mkuu wa polisi alianza. Aliomba magari manne mapya ya doria, yenye ving'ora na taa za buluu, na ukuta mpya kuzunguka kituo, wenye lango la tao ambapo mgeni rasmi angekata utepe. Alikuja na picha za rangi. Picha zilizunguka meza nzima, kila mtu akizigusa kwa ncha za vidole. Kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu ya ukumbi ule, kalamu nyekundu ilitulia. Ukuta unaonekana, na gari lenye king'ora hujitangaza lenyewe. Siku ya kueleza wananchi fedha zao zimekwenda wapi, vitu kama hivyo humpunguzia mtu maneno.

Kisha akasimama karani wa mahakama. Alikuwa mama wa makamo aliyefunga miwani yake kwa uzi shingoni, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiita majina ya washtakiwa kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Hakuwa na picha. Alikuwa na karatasi moja, na karatasi hiyo iliomba mafuta na matairi ya karandinga, lile lori la magereza lenye madirisha ya nondo linalowaleta mahabusu mahakamani. Gereza lilikuwa umbali wa kilomita sitini.

"Mkuu, karandinga likikosa mafuta, mahabusu hawaletwi," alisema. "Wasipoletwa, hakimu hana wa kumsikiliza. Anaahirisha siku kumi na nne. Wiki iliyopita peke yake nimeandika neno 'hakuletwa' kwenye majalada arobaini na moja."

Mkasi alivua kifuniko cha kalamu. "Na hao mahabusu, mama, wana haraka ya kwenda wapi?"

Ukumbi ulicheka. Kicheko cha wakubwa huambukiza haraka kuliko mafua.

"Mahabusu si wafungwa, Mkuu. Hawajahukumiwa. Kuna kijana yuko ndani mwezi wa tisa huu kwa tuhuma ya kuiba kuku wawili. Angekutwa na hatia siku ya kwanza, angekuwa ameshamaliza kifungo na kurudi kwao."

"Kuku wawili," Mkasi alisema, akitikisa kichwa. "Basi angalau walikuwa wanono?"

Safari hii hata mkuu wa polisi alifuta machozi ya kicheko. Karani alisubiri hadi wakanyamaza, kama alivyozoea kusubiri watu wanyamaze kabla ya kuita jina.

"Ana bibi yake, ndiye aliyemlea," alisema. "Huja kila tarehe. Kila tarehe namwambia arudi."

"Nimekusikia, mama karani. Naona shida kubwa ni mkono wako kuchoka kuandika. Hiyo tutaitatua."

Akakata mafuta nusu, akafuta matairi yote, na pembeni akaandika kwa wino mwekundu: *Mahakama inunuliwe muhuri.*

Watu walidhani ni utani. Lakini Mkasi hakuwa mtu wa kuandika jambo lisitekelezwe. Baada ya wiki mbili kifurushi kidogo kilifika mahakamani, ndani yake muhuri wenye mpini wa mbao na kibweta cha wino wa zambarau. Ukigandamizwa kwenye karatasi uliacha neno moja tu: HAKULETWA. Uliambatana na barua iliyosainiwa na Mkasi mwenyewe, iliyosema kwamba kifaa hicho kitaokoa muda wa mtumishi. Karani aliisoma mara moja, akautia muhuri kwenye mtoto wa meza na kufunga. Alikataa kuutumia kwa wiki tatu. Wiki ya nne majalada yalimfika kidevuni, akafungua mtoto wa meza.

*

Magari mapya ya doria yalianza kazi vizuri sana. Yalifika haraka na yalikamata haraka. Mtu yeyote mwenye akili angejiuliza hao wanaokamatwa haraka watapelekwaje mbele ya hakimu, lakini swali hilo halikuwa na picha ya rangi.

Asubuhi moja gari la taa za buluu lilisimama mbele ya karakana ya Kitinda. Siku chache kabla ya hapo alikuwa amenunua mabomba mazito ya chuma kwa muuza vyuma chakavu, na tayari alikuwa ameyakata ili atengeneze geti. Kumbe mabomba yale yalikuwa kingo za daraja, zilizong'olewa na wezi. Kitinda alikuwa na stakabadhi ya muuzaji, ila hakukumbuka aliiweka mfuko wa suruali ipi. Alipelekwa mahakamani siku ileile kutoka kituoni. Mwendesha mashtaka akaomba muda wa kuchunguza, na hakimu akasema shauri la dhamana litasikilizwa Ijumaa ya wiki ya pili. Kitinda akapelekwa rumande, kilomita sitini.

Mkasi hakutaharuki. Aliitafuta stakabadhi mwenyewe, akaipata kwenye suruali ya kazi iliyochakaa magotini. Akaandaa wadhamini wawili wenye hati za nyumba. Siku kumi na nne si kitu, alijiambia. Mama yao walimficha. Walimwambia Kitinda amesafiri kikazi, kuchomelea tangi kubwa la maji.

Lakini siku ya kumi mama alizidiwa. Daktari alimwita Mkasi pembeni ya kitanda na kumwambia kwa upole kwamba moyo wa mzazi wake umechoka, na kwamba wenye kutaka kumwona waje. Mama hakuhitaji kuambiwa na daktari. Alimshika mwanawe mkono.

"Tangi gani hilo lisiloisha? Mwiteni Kitinda. Nikimwona yule mtoto, sina deni na mtu."

"Ijumaa, mama. Ijumaa nitamleta mwenyewe hapa."

"Umesema wewe?"

"Nimesema mimi."

Hakuwahi kumwahidi mama yake jambo akashindwa. Alitoka mle ndani akiwa na hakika, kwa maana stakabadhi ilikuwa mfukoni, wadhamini walikuwa tayari, na sheria ilikuwa upande wake.

*

Ijumaa alifika mahakamani mapema. Alikuwa amekata fedha za jengo lile miaka mingi bila kuingia ndani yake. Rangi ilibanduka ukutani, feni moja ilizunguka na nyingine ilitazama tu. Alipotaka kuketi, bibi kizee mmoja aliyevaa ndara za plastiki alimgusa mkono.

"Usikae hapo katikati, mwanangu. Benchi limepasuka, linafinya. Njoo huku mwisho."

"Asante, bibi."

"Una mtu?"

"Mdogo wangu. Leo anapata dhamana, tunaondoka."

Bibi alimtazama kwa huruma ambayo Mkasi hakuielewa. "Mara ya kwanza, eh? Mimi nina mjukuu. Mwezi wa kumi na moja sasa. Wanasema ameiba kuku."

Mkasi alimgeukia. "Kuku wawili?" aliuliza, bila kukusudia.

"Wawili. Na kama aliiba au hakuiba mimi sijui, nataka hakimu aniambie. Hata kuku wenyewe walikuwa wadogo, mwanangu. Vifaranga waliokua kidogo tu."

Mkasi alikumbuka ukumbi ulivyocheka.

Hakimu aliingia, wote wakasimama na kuketi. Karani akaanza kuita majina. Baada ya kila jina palikuwa na kimya kifupi, maneno machache ya mwendesha mashtaka, kisha mlio mdogo mezani: *pa*.

"Huo ndio muhuri," bibi alinong'ona. "Ukisikia pa, ujue huyo naye hakuja. Walikuwa wanaandika kwa mkono zamani, ukawa unapata nafasi ya kutumaini. Siku hizi ni pa tu." Akavuta kanga yake begani. "Tunasikia kuna mtu mmoja huko ofisini kwao, wanamwita Mkasi. Ndiye aliyekata mafuta ya gari. Mungu amsamehe tu. Labda hana ndugu."

*Pa*, ukalia tena. Lilikuwa jalada la mjukuu wake. Bibi hakushtuka hata kidogo, alianza kutafuta nauli kwenye pindo la kanga. Jina lililofuata lilikuwa la Kitinda.

"Mshtakiwa yuko wapi?" hakimu aliuliza.

"Hakuletwa, mheshimiwa," alijibu mwendesha mashtaka. "Karandinga limeishiwa mafuta ya mwezi huu."

Mkasi alijikuta amesimama. "Mheshimiwa, mimi ni kaka yake. Stakabadhi ninayo. Wadhamini hawa hapa. Mama yetu mahututi, anamngoja yeye. Naomba asikilizwe hata kama hayupo."

Hakimu aliweka kalamu chini. Hakuwa mkali. "Mzee, siwezi kumpa dhamana mtu asiyesimama mbele yangu. Anapaswa kusomewa masharti na kuyakubali kwa kinywa chake, hapo kizimbani. Akiletwa hata kesho, nitamsikiliza kesho. Asipoletwa, ni siku kumi na nne."

"Siku kumi na nne ni nyingi, mheshimiwa."

"Najua," alisema hakimu. "Nimeandika hivyo kwa wakubwa mara nyingi."

Hapo karani aliinua macho na kumwona aliyesimama. Alimtambua mara moja. Mkono wenye muhuri ulibaki hewani, juu ya jalada la Kitinda, na kwa muda huo mfupi wakatazamana. Mkasi alikuwa tayari kusikia neno la kumkomoa, na pengine lingemrahisishia mambo. Karani alishusha muhuri polepole, kama mtu anayefunika maiti, na mlio wake haukusikika.

*

Mkasi hakurudi ofisini. Alinunua dizeli madumu mawili, akayatia kwenye buti ya gari lake, akaendesha kilomita sitini hadi gerezani. Mkuu wa gereza alimpokea kwa heshima, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka na kuonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani nyuma ya kiti chake. Ulikuwa ule waraka, na sahihi ilikuwa ya Mkasi.

"Afande, huo nimeuandika mimi."

"Ndiyo, mzee, na umeandika vizuri. Leo nikipokea mafuta ya kaka wa mahabusu, kesho nitapokea ya jambazi. Gari litakuwa linamfuata mwenye dumu." Akaketi tena. "Magari ya doria hayana sehemu ya kubebea mahabusu, nisingeweza kumtoa kwa hayo hata polisi wakikubali. Nipe mafuta kwa njia yake, mzee. Nitumie hata usiku huu, alfajiri nawapakia wote."

Alichoweza kumpa ni dakika kumi. Kitinda alikuja nyuma ya wavu akiwa amekonda, lakini mdomo ulikuwa uleule.

"Kaka, humu milango imechomelewa ovyo. Wangenipa tenda mimi, asingetoka hata panya." Alipoona kaka yake hacheki, akaacha. "Mbona hatukuja mahakamani leo? Tuliamshwa, tukapangwa mstari, tukakaa mstarini mpaka jua likatuchoma, halafu tukarudishwa ndani."

"Gari halikuwa na mafuta."

"Serikali nzima hii?"

Mkasi alitazama vidole vyake.

"Mama anajua niko humu?" Kitinda aliuliza.

"Hajui. Tumemwambia unachomelea tangi kubwa la maji. Anaulizia tu kama umekula."

Kitinda alicheka kidogo, kisha macho yake yakajaa. "Mwambie nimekula. Usimwambie nimekula nini, sema tu nimekula."

Jumatatu asubuhi na mapema Mkasi alikuwa ofisini. Alitaka kuhamisha fedha kutoka kwenye tao la lango la polisi, ambalo lilikuwa bado halijajengwa, zikanunue mafuta na matairi. Lakini fedha za fungu haziwezi kuhamishwa bila kikao, na kikao hakiwezi kuitwa bila taarifa ya siku saba. Kanuni hiyo haikuwa ya mtu mwingine, aliiweka yeye ili idara zisimsumbue na maombi ya dharura. Alituma taarifa saa mbili asubuhi, akaanza kuhesabu siku. Kila alipopiga simu kwa mjumbe kumwomba waharakishe, alijibiwa kwa adabu na kwa maneno aliyowafundisha mwenyewe. Mkuu wa polisi ndiye aliyemalizia. "Lakini kaka, mahabusu wana haraka gani?" alisema, akacheka, kwa kuwa hakujua ni nani aliye ndani. Mkasi alikata simu, akaenda chooni, akajifungia akalia kama mtoto.

Jumapili, siku moja kabla ya kikao, mchana, mama alifumbua macho. Sauti ilikuwa imebaki nyembamba sana.

"Mwenzio amekula?"

"Amekula, mama. Ameniambia nikwambie amekula."

"Yuko hapo nje?"

Mkasi alishindwa kusema yuko, na alishindwa kusema hayuko. Alimshika mkono tu. Mama aligeuza uso kuelekea mlangoni, na hivyo ndivyo alivyofariki, akitazama mlango.

Jumatatu aliwaacha ndugu na waombolezaji nyumbani akaenda kwenye kikao, wakubwa wakashangaa kumwona. Alisema maneno machache. Mafuta yalirudishwa yote na matairi pia, tao likafutwa, na mkuu wa polisi hakubisha kwa sababu aliogopa uso aliouona. Hata hivyo hati za mafuta hutembea kwa miguu yake, kutoka meza hii hadi ile, na zilifika gerezani Alhamisi. Mama alizikwa Jumanne, na mahali pa mtoto wa mwisho kaburini palibaki wazi, hakuna aliyepasogelea. Mkasi alimwomba mkuu wa gereza asimwambie Kitinda. Alisema atamwambia mwenyewe, kwa kuwa habari kama ile haipitishwi kwenye wavu.

*

Ijumaa ile karandinga lilifika saa mbili kasoro, likinuka mpira mpya. Mahabusu ishirini na saba waliteremka wakifinya macho kwa jua. Ndani ya mahakama bibi wa ndara alikuwa pale pale mwisho wa benchi, na jina la mjukuu wake lilipoitwa, sauti ikajibu kutoka kizimbani: "Nipo." Bibi alishika mdomo kwa mikono yote miwili. Kesi haikuchukua muda hata wa kuchemsha maji. Mwenye kuku alikuwa amehama zamani, na hapakuwa na shahidi hata mmoja. Hakimu alimwachia huru kijana aliyekaa ndani karibu mwaka mzima kwa jambo la dakika tisa.

Kitinda alisimama, akasikiliza masharti, akasema ameyakubali. Alipewa dhamana.

Kwenye ukumbi wa nje, Mkasi akiwa anasubiri taratibu za sahihi zimalizike, karani alimjia.

"Pole kwa msiba, Mkuu. Nimesikia jana." Akamtia kitu mkononi, kilichofungwa kwa karatasi. "Huu ni wako. Leo sikuuhitaji."

Alikuwa amerudi mezani kwake kabla Mkasi hajafungua. Ulikuwa ule muhuri wenye mpini wa mbao. Wino wa zambarau ulikuwa bado mbichi, ukamshika kwenye kiganja.

Bibi alipita akimvuta mjukuu wake kwa mkono kana kwamba ana umri wa miaka mitano. Alisimama alipomwona.

"Na wako ameletwa? Mungu mkubwa. Nilikuombea."

"Bibi," Mkasi alisema, na sauti yake haikuwa ile ya ukumbini. "Yule Mkasi uliyeniambia. Ana ndugu. Ndugu yake ni yule pale anayetia sahihi, na Mkasi mwenyewe ni mimi."

Bibi alitazama kiganja chenye wino, akatazama uso uliokonda kwa wiki mbili. Akasema tu, "Pole, mwanangu," akaondoka na mjukuu wake. Mkasi angependa zaidi kama angetukanwa.

Kitinda alitoka akikunja mikono ya shati, akitabasamu, akijipangusa vumbi la gerezani kama mtu anayekwenda ugenini.

"Haya kaka, nipitishe nikaoge kwanza. Mama asinione hivi, ataniuliza tangi gani la maji linalochafua mtu namna hii." Akaona macho ya kaka yake. Tabasamu likapungua kidogo kidogo. "Mama ananisubiri, sivyo?"

"Alikusubiri," Mkasi alisema. "Alikusubiri mpaka Jumapili. Aliangalia mlango. Si gari lililokosa mafuta, Kitinda. Ni mimi niliyeyakata, wakati sijui kama ni wewe utakayepanda."

Kitinda aliketi kwenye benchi, pale pale katikati palipopasuka. Hakuna aliyemwonya. Mkasi aliketi kando yake, muhuri mkononi, na watu waliopita mbele yao siku ile waliona wanaume wawili wazima wakilia hadharani bila kuficha nyuso. Kalamu nyekundu bado iko ofisini, na kila mwaka fungu la haki linapofika mezani, muhuri ule hutolewa na kusimamishwa mbele ya wajumbe. Mgeni akiuliza ni wa nini, Mkasi humjibu kwa yale ambayo wahenga walikwisha kuyasema kabla yake: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.